Sauti Haivumilii Foleni

Kila aliyewahi kutumia waifai ya bure amekutana na kioja hiki. Umekaa mgahawani, paswedi umepewa pamoja na chai. Unafungua mechi ya jana, inacheza mpaka mwisho bila kukwama. Picha za harusi ya binamu zinashuka zote. Kisha unampigia dada yako kwa WhatsApp, na hapo balaa linaanza: sauti inakatakata, maneno yanaliwa silabi, kinapita kimya cha sekunde mbili, halafu sentensi nzima inamwagika kwa mkupuo. "Haloo? Unanisikia?" Anakusikia, lakini vipande vipande. Mnakata, mnapiga tena, mambo yaleyale. Mwishowe unaondoka ukilalamika kwamba intaneti ya pale ni ndogo.

Si ndogo. Video yenye picha safi hula megabiti kadhaa kila sekunde, ilhali simu ya sauti haifikishi hata moja ya kumi ya megabiti moja. Mtandao uliobeba kikubwa bila taabu umeshindwa na kidogo, kwa sababu vitu hivi viwili havidai jambo moja. Video inadai wingi. Sauti inadai wakati. Programu ya video hukutangulia: wewe ukiwa dakika ya kumi, sehemu inayofuata imeshapakuliwa na imekaa akiba, kwa hiyo mtandao ukisuasua kidogo hutajua. Mazungumzo hayana akiba ya namna hiyo, kwa kuwa neno atakalolisema dada yako baada ya sekunde kumi yeye mwenyewe bado hajalifikiria.

Ukilishika hilo, mengi mengine ya simu za intaneti yanaeleweka, yakiwemo ya fedha na ya serikali.

Tuanze na sauti yenyewe inavyosafiri. Kipaza sauti cha simu hupima mtikisiko wa hewa maelfu ya mara kwa sekunde na kila kipimo hugeuzwa nambari. Kwenye simu za kidijitali za zamani vipimo vilikuwa 8,000 kwa sekunde, kila kimoja biti 8, jumla biti 64,000. Siku hizi kuna mbinu za kubana sauti, maarufu ikiwa Opus iliyopitishwa kuwa kanuni ya intaneti mwaka 2012, ambayo inaweza kuishusha sauti ya binadamu hadi biti 6,000 kwa sekunde na bado ukamtambua anayesema. Sauti iliyobanwa hukatwa vipande, mara nyingi vya milisekunde 20 kila kimoja, maana yake vipande 50 kwa sekunde. Kila kipande hubandikwa anwani na alama za safari zenye baiti 40. Ikiwa sauti imebanwa hadi biti 16,000 kwa sekunde, kipande chenyewe nacho kina baiti 40. Nusu ya bando linaloliwa na simu ya namna hiyo ni anwani tupu.

Vipande hivyo 50 havisafiri kwa kushikana mikono. Kila kimoja kinapita kivyake, na kimoja kinaweza kufika kwa milisekunde 40 huku kinachokifuata kikitumia 90. Simu ya mpokeaji huvizuia kidogo mlangoni, huvipanga, kisha huvicheza kwa mwendo sawa. Kilichofika baada ya zamu yake kupita hutupwa. Kilichopotea kabisa hufunikwa: programu hurefusha sauti iliyotangulia kwa ujanja, na sikio, ambalo ni lepesi kusamehe, halitambui pengo la milisekunde 20. Ndiyo maana wahandisi wa simu za intaneti wana kanuni ambayo mtu wa barua pepe angeiona ni wazimu: kipande kilichochelewa ni afadhali kipotee.

Uchelewaji huo una kipimo chake. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, hupendekeza sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kutoka mdomo hadi sikio ikiwa tunataka mazungumzo yaende bila mtu kuhisi kitu. Watafiti waliolinganisha lugha kumi za pembe mbalimbali za dunia na kuchapisha matokeo yao mwaka 2009 walikuta kwamba mtu akimaliza swali, mwenzake huanza kujibu baada ya milisekunde 200 hivi kwa wastani. Hilo ni pengo dogo mno, na sisi Waswahili tunalitumia kuliko wengi, maana hatuingii kwenye habari kabla ya kupeana salamu kwa zamu:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Habari za nyumbani?"

"Nzuri. Watoto?"

"Hawajambo. Na mguu wako?"

Ongeza nusu sekunde ya uchelewaji kila upande, uone. Mtoto anasema shikamoo, hasikii kitu, anadhani hakusikika, anairudia. Papo hapo marahaba ya kwanza inafika na kuikuta shikamoo ya pili njiani. Mama naye, akisikia shikamoo mara mbili, anaitikia tena juu ya swali la habari za nyumbani. Wote wawili wananyamaza kupisha, kisha wote wanaanza kwa pamoja. Kabla ya kufika kwenye mguu dakika nzima imekwenda, na kama simu inalipiwa, hiyo dakika imelipiwa.

Waliopitia intaneti kafe za Dar es Salaam, Nairobi na Kampala mwanzoni mwa miaka ya 2000 wanaijua hali hiyo. Palikuwa na kibanda cha mbao pembeni, hedifoni yenye sifongo iliyochakaa ikaonyesha plastiki, na kijana wa kafe aliyekupigia nambari ya Toronto au London kwa kompyuta yake. Teknolojia haikuwa changa sana. Kampuni ya VocalTec ya Israeli ilikuwa imeuza programu ya kupiga simu kwa intaneti tangu Februari 1995. Tatizo lilikuwa juu ya paa. Intaneti yetu ilipitia dishi, na setilaiti za mawasiliano za wakati huo zilikaa karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Sauti ikipanda na kushuka inatembea kilomita 72,000, na hata kwa mwendo wa mwanga hizo ni milisekunde 240 kabla mitambo haijaongeza zake. Watu wakajifunza kuongea kama askari wa redio: unasema yote, unasema "ova", unanyamaza.

Tena lilikuwa jambo la kufanywa kimyakimya. Simu za nje ya nchi zilikuwa mali ya kampuni za taifa zilizopewa ukiritimba kwa sheria. Wa Telkom Kenya ulikoma 2004, na wa TTCL ya Tanzania ukakoma Februari 2005. Kabla ya hapo mwenye kafe aliyekuuzia simu ya London kwa bei ya chini alikuwa anakula kwenye sahani ya serikali, na pazia la kile kibanda lilikuwa na kazi mbili.

Kilichobadili mambo ni nyaya za baharini. SEACOM ilianza kazi Julai 2009, TEAMS ikafika Mombasa mwaka huohuo, na EASSy ikafuata 2010. Wengi walishangilia kasi na bei, na walikuwa na haki, lakini kwa simu za sauti faida kubwa ilikuwa umbali. TEAMS inaunganisha Mombasa na Fujairah, kwenye Umoja wa Falme za Kiarabu, na ina urefu wa karibu kilomita 5,000. Mwanga ndani ya kioo huenda kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo safari hiyo ni ya milisekunde 25. Kutoka 240 hadi 25! Salamu zikarudi kuwa salamu. Jumapili ya Mei 12, 2024, EASSy na SEACOM zilipokatika kwa pamoja kusini mwetu, Tanzania ikiwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi, mtandao uliobaki ulijaa na kuzunguka njia za mbali. Ujumbe wa maandishi ulijikokota ukafika, lakini kuzungumza kulikuwa shida.

Basi kama bahari imevukwa kwa milisekunde 25, sauti inakwama wapi? Kwa kawaida inakwama katika mita thelathini za mwisho, kati ya simu yako na kile kiboksi chenye taa za kijani kilichotundikwa juu ya friji ya soda.

Waifai inatumia masafa ya hewani yasiyohitaji leseni, ambayo Marekani iliyafungua mwaka 1985 na nchi nyingi zikafuata. Ni masafa yaleyale ya jiko la maikrowevu na ya spika za bluetooth, na kila kiboksi kilicho karibu huyagombania. Katika bendi ya gigahezi 2.4, ambayo ndiyo simu nyingi za bei nafuu zinaitegemea, mnaweza kukaa viboksi vitatu tu bila kuingiliana: chaneli ya 1, ya 6 na ya 11. Katika mtaa wa maduka kama Kariakoo au River Road utaona majina ya waifai yamejipanga skrini nzima, na yote yanagawana chaneli hizo tatu.

Halafu kuna adabu ya kusema. Kifaa cha waifai husikiliza kwanza. Kikisikia mwingine anasema, husubiri. Hewa ikitulia husubiri tena kwa muda wa bahati nasibu, ndipo kiseme. Viwili vikisema pamoja vyote huharibikiwa na kuanza upya kwa kusubiri zaidi. Babu wa utaratibu huu ni ALOHAnet, mtandao wa redio wa Chuo Kikuu cha Hawaii ulioongozwa na Norman Abramson na kuanza kazi 1971, ambao ulikuwa mkali zaidi: vifaa vilisema tu bila kusikiliza, na vikigongana vikarudia. Kwa ujumbe wa maandishi si neno. Kwa vipande 50 kila sekunde, kila kimoja kikilazimika kushinda bahati nasibu yake dhidi ya simu arobaini za wateja wengine, ni mateso.

Na mateso hayagawanywi sawasawa. Pita usiku nyuma ya hoteli yoyote yenye waifai isiyobadilishwa paswedi mara kwa mara, utawakuta vijana wamejibanza ukutani, nyuso zimeangazwa na skrini, wanavuna mabaki ya mtandao unaopenya dirishani. Simu iliyo mbali namna hiyo hulazimika kusema polepole ili isikike, pengine megabiti moja kwa sekunde, wakati mgeni aliye karibu na kiboksi anasema kwa hamsini. Kila mmoja akipewa zamu moja, zamu ya aliye ukutani hushika hewa kwa muda mrefu mara nyingi zaidi. Mgeni aliyelipia chumba akisikia simu yake inakatakata, anayemkatia anaweza kuwa huyo kijana anayeongea na mchumba wake nje, bila yeyote kati yao kujua.

Waliotunga waifai waliliona tatizo. Mwaka 2005 waliongeza kanuni inayoipa hewa foleni nne: ya sauti, ya video, ya kawaida, na ya visivyo na haraka. Sauti hutangulizwa. Kanuni nzuri, ila kipande cha sauti kinatakiwa kifike kiboksini kikiwa na alama inayosema "mimi ni sauti", na alama hiyo hufutwa njiani na kampuni za mtandao ambazo hazina sababu ya kuamini alama za wengine. Kikifika mgahawani, kimeshakuwa abiria wa kawaida.

Foleni mbaya kuliko zote, hata hivyo, haiko hewani. Iko ndani ya modemu. Mwaka 2010 mhandisi wa Marekani, Jim Gettys, alikuwa nyumbani kwake akihamisha faili kubwa aliposhangaa kuona kila kitu kingine kinachelewa kwa zaidi ya sekunde nzima. Alifuatilia mpaka akakuta chanzo: kumbukumbu za kuhifadhia vipande vinavyosubiri kutoka zilikuwa zimefanywa kubwa kupita kiasi. Bei ya kumbukumbu ilikuwa imeshuka, na watengenezaji wakaona ni hisani kuziongeza ili kusipotee kitu. Lakini programu zinazotuma mafaili huongeza kasi mpaka zione kitu kimepotea. Ndivyo zinavyojua njia imejaa. Kama hakipotei, zinaendelea kujaza. Piga hesabu: modemu yenye uwezo wa kutoa megabiti 1 kwa sekunde na akiba ya kilobaiti 256 iliyojaa ina foleni ya sekunde mbili. Mteja mmoja akipandisha video yake mtandaoni, kila neno lako linasimama nyuma ya video hiyo kwa sekunde mbili. Ndicho kile kimya cha mwanzo wa sura hii.

Dawa ilipatikana haraka. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson walichapisha utaratibu unaotazama kipande kimesubiri muda gani. Kusubiri kukidumu juu ya milisekunde 5, huanza kutupa vipande ili wenye mafaili wapunguze mwendo. Wengine, Dave Täht akiwa mstari wa mbele, waliuboresha kwa kuupa kila mkondo wa data foleni yake na kuuingiza kwenye programu huria za ruta kama OpenWrt. Mwenye mgahawa anayelipia kifurushi kikubwa zaidi kila wateja wanapolalamika anatupa pesa, ikiwa ruta yake haijui kupanga foleni. Fundi anayejua kuiwasha mipangilio hiyo atamfaa zaidi ya ofa yoyote ya kampuni, na bahati mbaya mafundi wengi wa mtaani wanaitwa kuja kuongeza nguvu ya mawimbi tu.

Bado kuna mlango wa kupita. Ukiwa kwenye waifai ya umma simu yako haina anwani inayojulikana nje; nyote mnajificha nyuma ya anwani moja ya kiboksi. Unaweza kutoka kwenda kuvuta ukurasa, lakini mtu wa nje akikupigia, kiboksi hakijui amtume kwa nani, kwa hiyo humfungia. Programu nyingi za simu za miaka ya 1990 zilikwama hapo. Skype, iliyotolewa Agosti 2003 na Msweden Niklas Zennström na Mdenmark Janus Friis kwa kazi ya waandishi wa programu wa Estonia, ilipita. Walikuwa wametoka kutengeneza Kazaa, programu ya kubadilishana muziki, na ujanja ulikuwa umeiva. Simu mbili zilizofichwa huuliza mtu wa tatu aliye wazi: mwenzangu anaonekana kwa anwani gani? Kisha zote hutuma vipande kwa pamoja, na kila kiboksi hudhani kile kinachoingia ni jibu la kilichotoka. Pale mbinu ilipogoma, Skype ilipitishia sauti kwenye kompyuta za watumiaji wengine wenye mtandao mzuri, ambao wengi wao hawakujua kwamba wamefanywa mitambo ya simu ya dunia. Agosti 2007 kompyuta nyingi mno zilijizima na kujiwasha pamoja baada ya kupokea masasisho ya Windows, na Skype ikaanguka kwa takriban siku mbili.

Microsoft iliinunua 2011 kwa dola bilioni 8.5 na kuifunga Mei 2025. Kwetu ilikuwa imeshasahaulika. WhatsApp iliongeza simu za sauti 2015 na za video mwaka uliofuata, na kwa kuwa tayari ilikuwa ndani ya kila simu, hakuna aliyehitaji kushawishiwa. Njia ni zilezile, ila wapitishaji ni seva za kampuni. Waifai nyingi za ofisi na vyuo hufunga kila kitu isipokuwa kurasa za wavuti. Hapo simu hulazimika kujivika nguo za ukurasa wa wavuti, na njia hiyo inadai kila kipande kifike na kwa mpangilio. Kimoja kikipotea vyote vinasimama kukingoja.

Waifai ya kwenye gari ni kisa cha kivyake. Miaka ya 2013 na 2014 matatu za Nairobi zilianza kubandikwa vibandiko vya intaneti ya bure, Kigali ikaja kuiweka kwenye mabasi yake, na kampuni ya BRCK ya Nairobi ikatengeneza kiboksi cha kuhimili vumbi na mitikisiko ya barabara kwa ajili ya huduma yake ya Moja, ambayo abiria walilipia kwa kutazama matangazo. Nyuma ya vibandiko vyote hivyo kuna modemu yenye laini ya simu ya kawaida. Abiria wote wanagawana laini moja, na gari linakimbia likihama mnara hadi mnara. Kusoma habari, sawa. Atakayempigia mwajiri wake kwa njia hiyo ana moyo.

Nimesema nyaya za TEAMS zinaishia Fujairah. Ni kinaya kikubwa cha mawasiliano ya pwani yetu, kwa sababu nchi iliyoko mwisho wa waya ule ndiyo mojawapo ya nchi kali zaidi duniani kwa simu za intaneti. Kwenye Umoja wa Falme za Kiarabu simu hizo ni haki ya kampuni zenye leseni peke yake, na WhatsApp haimo. Omani nayo imezuia kwa miaka mingi, ingawa wakati wa janga la korona mwaka 2020 iliruhusu baadhi ya programu za mikutano. Saudia ililegeza Septemba 2017. Moroko ilijaribu kuzuia Januari 2016, wananchi wakachachamaa, na kabla ya mwaka kwisha ikarudi nyuma.

Kwa familia za Unguja, Pemba, Mombasa na Lamu zenye ndugu Maskati na Dubai, na kwa maelfu ya akina dada wa Kenya, Uganda na Tanzania wanaofanya kazi za majumbani Ghuba, hayo si mambo ya sera. Waifai ya tajiri ipo, tena nzuri. Ujumbe unaandikwa na unafika. Ukipiga, simu inaita hukohuko kwenu, mama anaona jina lako, anapokea, na hapo hakuna sauti. Inashangaza mpaka ukumbuke sauti inavyosafiri: taarifa ya kuita hupita njia ya ujumbe, ambayo haijafungwa, lakini vipande vya sauti hupita njia nyingine, vikiwa na sura inayotambulika kirahisi, vidogo, vya ukubwa unaolingana, hamsini kila sekunde bila kupumzika. Mtambo hauhitaji kujua mnasema nini ili uvitambue. Wala hauhitaji kuvizuia vyote. Ukivichelewesha au kutupa sehemu tu, mazungumzo yamekufa, wakati ukurasa wa wavuti ungevumilia adhabu hiyohiyo na kufunguka.

Sababu inayotolewa ni usalama na leseni. Ya fedha ipo wazi: mwanzoni mwa 2018 kampuni za Emirati ziliuza kifurushi cha simu za intaneti kwa dirhamu 50 kwa mwezi, kinachofanya kazi na programu zilizokubaliwa kama BOTIM. Kwa mfanyakazi wa ndani hiyo si pesa ya kuokota, na anayempigia kule nyumbani anapaswa kuwa na programu ileile, ndiyo maana BOTIM na IMO zimekuwa majina ya kawaida kwa bibi wa Michenzani ambaye hajawahi kusikia Zoom. Kukwepa kwa VPN, yaani programu inayoficha njia ya mawasiliano, kuna hatari yake: sheria ya Emirati ya 2016 ilitaja faini kati ya dirhamu 500,000 na milioni mbili kwa anayeitumia kutenda kosa. Uganda ilikwenda kwa mlango mwingine ilipoweka kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa WhatsApp na wenzake, kuanzia Julai 2018 hadi ilipobadilishwa 2021. Watu wakakimbilia VPN na waifai za ofisini.

Hofu ya kusikilizwa kwenye waifai ya umma ni kubwa kuliko inavyostahili. Tangu Aprili 2016 simu na ujumbe wa WhatsApp hufungwa kutoka simu hadi simu, na mwenye kiboksi anachoweza kuona ni kwamba unaongea, kwa muda gani, na pengine na upande gani wa dunia. Hata hivyo sauti ina umbea wake. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walionyesha kwamba pale ubanaji wa sauti unapotoa vipande virefu na vifupi kulingana na herufi zinazotamkwa, urefu wa vipande peke yake unaweza kufichua baadhi ya maneno bila kufungua kufuli. Kinga ni kuvifanya vipande vyote viwe na urefu mmoja, kwa gharama ya bando kidogo. Mimi ningehofia zaidi waifai isiyo na mwenyewe, iliyopewa jina la mgahawa na mtu aliyekaa meza ya pili.

Watu wa kawaida, bila kusubiri wahandisi wala wanasheria, wamepata njia yao, nayo ni ujumbe wa sauti. WhatsApp iliuongeza 2013. Ni sauti iliyokubali kupanga foleni: unairekodi, inageuka faili, inasubiri zamu kama picha, inafika nzima hata kwenye waifai iliyojaa, na Ghuba inapita kwa kuwa mtambo hauoni simu. Sikiliza ujumbe wa mama wa makamo uone alivyoibadilisha sanaa ya salamu. Anajibu mwenyewe yale ambayo hajaulizwa: "Marahaba, sisi wote hatujambo, baba yako yupo, mguu umepoa, wewe je, watoto je, baridi je?" Kinachopotea ni kudakia neno, na Kiswahili bila kudakia ni nusu. Posa haijadiliwi kwa ujumbe wa sauti. Ugomvi wa shamba la urithi ukijadiliwa hivyo huzidi, kwa sababu kila mmoja anapata dakika tatu za kusema bila kukatizwa.

Ndiyo maana vocha haijafa. Msiba ukitokea, mtu huongeza salio na kupiga simu ya kawaida, ya kulipia kwa dakika, hata akiwa amekaa chini ya waifai. Kampuni za simu, hata kwenye mitambo yao ya 4G ambako sauti nayo ni vipande vya intaneti, huitengea njia yake ya pekee yenye kipaumbele juu ya video za kila mtu, kuanzia mnara hadi mwisho. Kampuni nyingi duniani sasa hukuruhusu uingie kwenye simu hiyo ya kawaida kupitia waifai pale mnara usipofika, ndani ya majengo ya zege kwa mfano, na inatozwa kama simu nyingine. Lakini ile njia iliyotengwa huanzia kwenye mitambo ya kampuni. Kutoka mkononi mwako hadi huko, kupitia kile kiboksi cha juu ya friji na modemu yake, sauti inapanga foleni na wateja wengine.